War Thunder, Battlefield, Squad au Arma: kabla hujapanda kifaru cha kisasa amua kwanza unakubali kufa vipi

Wakuu, swali ninaloulizwa sana na madogo wa mtaani na hata washkaji wa kazini ni hili, "kaka gemu gani la vifaru lina uhalisia zaidi, nianze na lipi?", na kila mara nashindwa kujibu kwa jina moja, maana uhalisia peke yake hausaidii kuchagua. Nimecheza haya magemu ya vifaru vya kisasa miaka sasa, mtandaoni, na watu halisi upande wa pili, na nilichojifunza ni kwamba kila gemu lina namna yake ya kukuua, na ukiiangalia vizuri hiyo namna utajua mtengenezaji kachagua nini kati ya uhalisia na usawa. Ukiikubali utakaa miaka. Usipoikubali utalifuta ndani ya wiki mbili hata picha ziwe kali kiasi gani, na bando lako limeshakwenda.

Kwaiyo nalinganisha manne niliyokaa nayo sana, War Thunder, Battlefield, Squad na Arma, alaf mwishoni nagusa ya simu kwa wale ambao kompyuta bado. World of Tanks ya kompyuta naipita, sababu vifaru vyake vingi vinaishia miaka ya 60 hivi, ni gemu zuri ila we unayetafuta Abrams na Leopard 2 za jeshini humo hutazikuta.

Tatizo lenyewe liko wapi

Vita ya kweli haina usawa, na hakuna anayeutafuta. M1A2 Abrams ina uzito unaozidi tani 60, injini ya tabaini ya nguvu farasi 1500, watu wanne ndani, mmoja wao kazi yake ni kubeba risasi kwa mikono na kuipakia. T-72 ina tani 41 mpaka 46 kutegemea toleo, watu watatu tu, na mashine ndo inapakia. Warusi waliifanya hivyo ili iwe fupi, nyepesi na itengenezwe kwa maelfu, hawakukaa chini kupiga hesabu ya T-72 moja dhidi ya Abrams moja. Hata huku kwetu, vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979, JWTZ walikuwa na Type 59 za Mchina, Amin alikuwa na T-55 pamoja na Sherman za enzi za vita kuu ya pili, na hakuna mtu aliyewapanga wafanane kabla hawajakutana.

Sasa chukua hivyo vyuma uviweke kwenye gemu, watu 16 huku na 16 kule, kila mmoja katoka kazini kachoka anataka dakika 20 za raha, kila mmoja anataka nafasi ya kushinda. Ukiviacha kama vilivyo, upande mmoja utalia kila siku. Ukivisawazisha, vinaacha kuwa vyenyewe. Hapo ndo kila gemu linachukua njia yake.

War Thunder

Hii ndo nitaikalia zaidi sababu ndo watu wengi wanaanzia, ni bure kupakua, na ndo yenye vyuma vingi kuliko zote. Ni ya Gaijin Entertainment, ilianza na ndege 2012, vifaru vikaja 2014, na sa hivi ina miti (yaani orodha za vifaru unavyofungua kimoja baada ya kingine) ya nchi kumi kuanzia Marekani, Ujerumani na Urusi mpaka China, Sweden na Israel.

Humu hamna damu. Yaani ule mstari wa kijani juu ya kifaru unaopungua ukipigwa haupo kabisa. Risasi ikikufikia gemu linaangalia unene wa chuma pale ilipogusa, pembe yake, umbali ilikotoka, aina ya risasi, na ikipenya linafuata vipande vinavyoruka ndani kimoja kimoja, hiki kimempata dereva, hiki kimempata mpiga mzinga, hiki kimeingia kwenye injini, hiki kwenye stoo ya risasi. Unaweza kupigwa mara nne usipate kitu, ukapigwa mara ya tano ukafa palepale.

Kuna mechi moja naikumbuka vizuri. Niko na T-72A, nimebana pembeni ya nyumba, nataka kuchungulia barabara. Nikatoa nusu ya bodi, nikamuona Leopard 2 mita kama 400, mzinga ushanielekea. Nikatia rivasi. T-72 kwenye rivasi inakwenda kilomita 4 kwa saa hivi, ina gia moja tu ya kurudi nyuma, na hiyo siyo gemu limeamua, ndivyo hata ile ya kweli ilivyo, mtu wa miguu anaipita. Nikawa naangalia ukuta unanisogelea polepole, moja, mbili, tatu, bado bodi iko nje. Mshale, ile risasi yake nyembamba ya kutoboa chuma, ukaingia pale kwenye kioo cha dereva. Ile picha kama ya eksirei wanayokuonyesha baada ya kupigwa ikanichorea mstari mwekundu ukipita kwa dereva, ukaenda moja kwa moja kwenye lile duara la risasi 22 zilizopangwa chini sakafuni, na kichwa chote cha kifaru kikaruka. Yule Leopard angekuwa mahali pangu angerudi kwa kilomita 31 kwa saa, angekuwa nyuma ya ukuta kabla sijamaliza kulenga.

Nilikasirika, ila sikulia kuonewa, maana kila kilichoniua ni kitu cha kweli, gia ya kweli, stoo ya risasi ilipo kweli, na kosa la kutoa bodi nje kwenye kifaru kisichojua kurudi lilikuwa langu. Hicho ndo kifo cha War Thunder. Kama unaweza kuangalia ile eksirei ukasema "sawa, nimejifunza", hili ni gemu lako.

Na utajifunza mengi. Mfano, T-72 na T-80 zina watu watatu, wakifa wawili umekwisha. Abrams ina wanne, unaweza kupoteza wawili ukaendelea kupigana na waliobaki, ila mpakiaji akifa kasi ya kupakia inashuka vibaya wakati mashine ya Mrusi yenyewe inaendelea sekunde 7 hivi kila risasi kama saa ya ukutani. Abrams inainamisha mzinga nyuzi 10 chini, kwaiyo inakaa nyuma ya kilima, kichwa tu nje, inapiga inarudi. T-72 inainamisha kama 6, kilima kilekile kwake hakina faida, inabidi itoe tumbo ndo ione. Ukichukua kifaru cha Mrusi ukakichezea kama cha Mjerumani utakufa mechi nzima na utasema gemu limepindishwa, kumbe hujakisoma.

Sasa usawa unatoka wapi? Hautoki kwenye chuma, unatoka kwenye upangaji wa mechi. Kila kifaru kina namba inaitwa BR (Battle Rating, kipimo cha nguvu yake kwenye mechi), na ukiingia na namba fulani unaweza kukutanishwa na walio juu yako mpaka 1.0 nzima, yaani una 10.3 unajikuta na watu wa 11.3. Tofauti ya 1.0 kule chini kwenye vyuma vya zamani unaweza kuivumilia, lakini kule juu 1.0 ni tofauti ya kizazi kizima, mwenzako ana kamera ya joto safi na risasi inayopenya popote, we una taa ya infraredi na chuma cha miaka ya 70. Na hizo namba zinasogezwa kwa kuangalia takwimu za wachezaji, siyo kitabu cha kiwanda, kwaiyo kifaru kikiangukia mikononi mwa mafundi kinaweza kupandishwa namba wakati chenyewe hakijabadilika hata msumari. Kasi ya kupakia nayo wanaigusa, wanapunguza sekunde hapa wanaongeza pale, na hilo linavumilika maana mpakiaji wa kweli naye kuna siku yuko fasta kuna siku kachoka.

Kuna kitu kingine inabidi ukijue kabla hujaanza kubishana na watu. Chuma cha vifaru vya kisasa ni siri ya serikali. Unene wa kweli wa mbele ya Abrams au Challenger 2 hauandikwi popote wewe na mimi tunapoweza kusoma, kwaiyo gemu linakadiria kutoka kwenye vipande vya habari vilivyo wazi. Ubishi wa makadirio haya umefika pabaya, 2021 mchezaji mmoja alibandika mtandaoni kurasa za kitabu cha jeshi la Uingereza kuhusu Challenger 2 ili aonyeshe kwamba kwenye gemu imekosewa, mwaka huohuo ikafuata ya Leclerc ya Ufaransa, 2022 ikaja ya risasi ya Kichina. Gaijin waliziondoa, na msimamo wao ni kwamba nyaraka za siri hawazitumii kabisa. Mi naona wako sawa, lakini maana yake ni kwamba kadiri kifaru kinavyokuwa kipya ndivyo uhalisia wake kwenye gemu unavyokuwa wa kukisia. T-34 ya War Thunder ni ya kweli kuliko T-90M ya War Thunder. Hili watu hawapendi kulisikia.

Alaf kuna mbinguni. Kule juu mechi nyingi haziamuliwi na vifaru, zinaamuliwa na ndege na helikopta. Unaanza na kifaru, ukifanya vizuri unapata pointi za kutosha kuchukua ndege yenye makombora ya kuongozwa, na ukiwa chini huna cha kufanya mpaka mwenzako mmoja akubali kuchukua gari la kutungua ndege. Kwa muda mrefu Warusi walikuwa na Pantsir, yenye makombora ya masafa ambayo wengine hawakuwa na mfano wake, na hapo hakuna BR iliyosaidia. Ni kweli kabisa kwamba vitani ndege zinaua vifaru hivyo. Ila kusota miezi kuipata Leopard 2 alaf ukauawa na mtu usiyemuona mara tatu mfululizo, hicho nacho ni kifo cha War Thunder, na wengi hapa ndo wanaachia njia.

Kuhusu kusota, sikufichi, ni kurefu. Mwaka 2023 mwezi wa tano wachezaji walijaza maoni mabaya kwenye Steam (duka la magemu mtandaoni) kwa maelfu kwa sababu ya malipo ya ndani ya gemu na gharama za kutengeneza vifaru, na kampuni ikarudi na mpango wa kupunguza makali. Ikapungua kweli, lakini kutoka chini mpaka vifaru vya kisasa bila kutoa hela bado ni kazi ya miezi mingi. Ushauri wangu usinunue kifaru cha premiamu cha juu siku ya kwanza, utafikishwa kule hujui hata pa kupiga, utaangusha timu, utachukia gemu.

Na kwa anayependa kitu cha Afrika, tangu 2021 kwenye mti wa Uingereza kuna tawi la Afrika Kusini, Eland, Ratel, Rooikat, Olifant. Rooikat ni raha ya pekee, matairi nane, mwendo unafika 120 kwenye lami, chuma chembamba. Huna ruhusa ya kupigwa hata mara moja, unaishi kwa kuwahi sehemu na kuondoka. Type 59 nayo ina ndugu zake kwenye mti wa China, mimi nilizipitia zote kwa heshima ya wazee wetu waliozipanda za kweli.

Battlefield, na wote wanaotumia damu

Ukitoka War Thunder ukaingia Battlefield utahisi kama umetoka sokoni Kariakoo ukaingia uwanja wa mpira, kelele ni zilezile ila sheria ni nyingine. Humu kifaru kina damu. Unapigwa roketi inapungua, ukipigwa nyuma inapungua zaidi, ukijificha inarudi, au fundi wako anashuka na kifaa chake anakuchomelea huku risasi zinapita. Kwenye Battlefield 4 ya 2013 upande mmoja una Abrams, mwingine una T-90 au Type 99 ya China, na vyote ni sawa kwa nguvu. Ngozi tofauti, mwili mmoja. Ile hadithi yangu ya rivasi haipo, kila kifaru kinarudi nyuma vilevile.

Watu wa War Thunder wanadharau hili na mi nadhani wanakosea. Usawa wa Battlefield ni wa kweli kwelikweli, uliyeingia leo na aliyeingia miaka mitano nyuma mkikaa kwenye kifaru kimoja mna chuma kilekile, hata kama ana vifaa alivyofungua kwa kucheza, anachokuzidi zaidi ni macho na akili. Na kifo chake ni cha polepole, una sekunde kadhaa za kujua unashambuliwa kutoka wapi na kuamua ukimbie au ushuke. Anayetaka kuingia na marafiki Jumamosi usiku, kucheka, kulipua ghorofa, kutoka, hapa ndo pake. Battlefield 2042 ilitoka na uwezo wa watu 128 kwenye mechi moja, na Battlefield 6 iliyotoka mwezi wa kumi 2025 imerudi kwenye vita vya kisasa vya NATO, kwaiyo watu wapo. Ila inalipiwa, na mashine inatakiwa iwe nzuri.

Kinachonisumbua mimi ni kwamba baada ya muda unagundua hujajifunza kitu chochote kuhusu kifaru. Unajua namba ya roketi zinazokiua, basi.

Armored Warfare nayo iko kwenye fungu hili la damu, ina vyuma vya vita baridi na vya kisasa na ina mechi za kupigana na kompyuta badala ya watu, nzuri kwa mtu mpole asiyetaka presha, shida ni kwamba wachezaji wamebaki wachache. Mwenye PlayStation au Xbox ana World of Tanks Modern Armor, ambayo wamevigawa vifaru vya vita baridi na vya kisasa kwa vizazi badala ya madaraja, damu vilevile. Sina la kuongeza hapo.

Squad

Hii ndo ninayoipenda kuliko zote, nasema mapema ili ujue nimeegemea wapi.

Squad ya Offworld Industries ilitoka kamili 2020, ni watu 50 dhidi ya 50, mmegawanyika vikosi vya watu tisa tisa, na karibu wote ni askari wa miguu. Vifaru ni vichache mno kwenye ramani, moja au viwili kila upande, na huwezi tu kukimbia ukapanda. Lazima kikosi chenu kiwe kimejiandikisha kwa kazi hiyo, mchague vifaa vya wahudumu wa kifaru, mmoja anaendesha, mmoja anapiga, mmoja ni kamanda anaangalia huku na kule. Dereva hapigi. Mpiga mzinga haendeshi. Mnaongea kwa maiki.

Chuma chake kimechanganywa. Kuna damu, lakini kuna pembe na unene pia, na injini, minyororo na stoo ya risasi vinaharibika kila kimoja peke yake. Siyo hesabu nzito kama War Thunder. Ukiniuliza kuhusu risasi na chuma tu, War Thunder inaishinda. Lakini usawa wake ndo umenikamata, sababu haukupatikana kwa kufananisha vyuma wala kwa namba ya BR, umepatikana kwa bei. Timu ina tiketi, zikiisha mmeshindwa, askari akifa zinapungua, kifaru kikilipuliwa zinapungua nyingi kwa mpigo mmoja na kingine kinachukua muda mrefu kuja. Kwaiyo T-62 ya waasi inakutana na Abrams ya Marekani bila mtu kulalamika, maana waasi wana mabomu ya kutega, mabomu ya ardhini, na watu wa kujificha kwenye nyumba. Chuma kimeachwa bila usawa, mechi ndo imesawazishwa.

Kuna usiku mmoja nilikuwa dereva wa T-72B3, mpiga mzinga sijui hata alikuwa nchi gani, kamanda Kiingereza chake kama changu, cha kuungaunga. Dakika kumi nzima hatukupiga risasi hata moja. Kamanda anasema "simama", nasimama, nazima injini tusikilize. Ukimya. Alaf tukasikia minyororo ya mwingine upande wa kushoto, nyuma ya miti, inakuja inakata, inakuja inakata. Kamanda akasema nyuzi za dira kwa sauti ya chini kabisa, kama vile wale jamaa wangetusikia, mpiga mzinga akageuza kichwa taratibu, mimi mikono inatoka jasho kwenye kibodi na sina ninachoona zaidi ya kipande cha nyasi kwenye kile kidirisha cha dereva. Walipotokea, tuliwapiga ubavuni mara mbili, wakavunja mnyororo wetu kwa risasi moja, wakawaka. Tukabaki pale tumekwama, tukashuka na spana kutengeneza huku nawaza kuna mtu na roketi anatambaa kuja. Na kweli alikuwepo.

Kifo cha Squad ni hicho, unakufa na watu. Unasubiri dakika ishirini kwa ajili ya sekunde tano. Kama huna uvumilivu huo, au maiki yako mbovu, au nyumbani huwezi kuongea kwa sauti usiku, hili gemu litakunyima raha, na hela uliyolipa itakuuma. Mashine nayo inatakiwa iwe na nguvu, usijaribu na RAM ya GB 8.

Arma

Arma 3 ya Bohemia Interactive ni ya 2013, imewekwa mwaka 2035 wa kubuni, na 2018 waliongeza furushi la vifaru lililoboresha jinsi makombora na chuma vinavyofanya kazi. Lakini hakuna anayecheza Arma kwa ajili ya vilivyomo tu, watu wanaicheza kwa ajili ya modi zilizotengenezwa na wachezaji wenyewe, kama RHS yenye vyuma halisi vya Urusi na Marekani vilivyopimwa kwa upendo mkubwa. Arma Reforger ni mpya zaidi, ya mwaka 1989 kwenye kisiwa cha Everon, ipo hata kwenye Xbox na PlayStation, na gemu lenyewe bila modi limejaa zaidi magari kama BTR-70 na LAV-25 kuliko vifaru vikubwa.

Usawa hapa haupo na haujaahidiwa. Anayetengeneza misheni ndo anaamua, akikupa BTR dhidi ya kifaru na wewe umekubali kuingia, tafuta njia. Unaweza kutembea dakika arobaini ukauawa na mtu aliye mbali kilomita moja, usimuone, na hakuna eksirei ya kukueleza. Kwa kikundi cha marafiki kumi wanaojuana na wana siku yao ya wiki hakuna kitu kizuri kama hiki. Kwa mtu anayeingia peke yake saa tatu usiku baada ya kula, hapana.

Simu

Dogo mwenye simu tu asivunjike moyo. World of Tanks Blitz ni saba kwa saba, mechi fupi, damu, vyuma vya zamani zaidi, na hailii simu ya kawaida. War Thunder Mobile imebeba ule mfumo wa risasi kupenya na watu kufa ndani, na ndo naipendekeza kwa anayetaka kujifunza kabla hajapata kompyuta, ila angalia nafasi na chaji. MWT: Tank Battles ina vyuma vya kisasa na droni, picha nzuri, damu, na aliyelipa anakuzidi kwa haraka.

Intaneti yetu nayo ihesabu

Hili walinganishaji wa Ulaya hawaliandiki sababu haliwahusu. Mimi hapa Dar nikiunganishwa na seva za Ulaya pingi (muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi) inacheza milisekunde 150 mpaka 180 siku nzuri. Kwenye Battlefield hiyo inauma, mapambano ni ya karibu na ya haraka, unajificha nyuma ya ukuta kumbe kwa mwenzako bado uko nje. Kwenye War Thunder inavumilika ukichagua kukaa mbali, kichwa tu nje ya kilima, usipende kona za mjini. Kwenye Squad ndani ya kifaru karibu huihisi, maana mnapiga mita 600 na aliyewaona wenzake kwanza ndo anashinda. Niliwahi kuumaliza mwezi mzima nikidhani sijui kucheza, kumbe mtandao wa nyumbani ulikuwa unadondosha data kila siku ikifika saa mbili usiku watu wakirudi kutoka kazini, nikahamisha muda wangu alfajiri na mambo yakabadilika.

Kwaiyo ukinibana nikuchagulie: huna hela na una subira ya kujifunza chuma, War Thunder, anza na Ujerumani au Sweden kama unataka vifaru vinavyosamehe makosa kule juu kwa sababu vinarudi nyuma haraka, nenda Urusi ukishajua kona. Una marafiki na wikiendi, Battlefield. Una maiki, hela kidogo na unataka moyo udunde, Squad bila kufikiri mara mbili. Arma mkishakuwa kikundi.

Na kama bado huna uhakika, pakua War Thunder toleo dogo usiku wa bando la bei nafuu, usicheze mechi hata moja kwanza. Ingia hanga (pale vifaru vyako vinapokaa), fungua T-72A, bonyeza ile picha ya eksirei, angalia lile duara la risasi limekaa wapi na dereva amekaa wapi mbele yake. Alaf fungua M1 Abrams uangalie risasi zake zilivyofungiwa nyuma ya kichwa, na juu yake paa linalofunguka moto utokee nje watu wa ndani wapone. Kaa nazo nusu saa. Ukijikuta unataka kujua ya tatu na ya nne, ushajua ni gemu gani.